Mzani wa Kilambo: Historia ya Mzigo na Ndege huko Walikale na Masisi

Biashara ya kusafirisha mizigo kwa ndege kati ya Walikale na Goma ilizaliwa na barabara mbovu. Walikale ndiyo teritwari kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini. Ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, yaani zaidi ya theluthi moja ya jimbo zima, na sehemu yake kubwa ni msitu mnene unaokatwa na mito kama Lowa na Oso. Masisi, iliyo mashariki yake, haifiki kilomita za mraba 5,000, nayo ni nchi ya milima ya malisho, baridi na ukungu, yenye vilele vinavyopita mita 2,000. Kutoka Goma hadi Walikale mjini, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 130, na ndege ndogo ya injini mbili huzivuka kwa nusu saa hivi. Lori, tangu miaka ya 1990, liliweza kukaa njiani siku nyingi, au lisifike kabisa. Tofauti hiyo ya nusu saa na siku nyingi ndiyo iliyomfanya mfanyabiashara wa Walikale ajifunze kuchagua ndege kabla hajajua kuchagua lori.

Mzigo katika nchi hii ulianza mgongoni. Chini ya utawala wa Wabelgiji watu wa vijiji walilazimishwa kubeba shehena za serikali na za kampuni kwa miguu, hadi barabara za magari zilipokatwa, na barabara zenyewe zilikatwa na mikono ya wanakijiji hao hao. Wanawake wa Kivu wamebeba na wanaendelea kubeba kwa kamba inayopita kwenye kipaji cha uso, mzigo ukilala mgongoni. Desturi hiyo haikufutwa na lori wala na ndege. Ilirudi kwa nguvu kila mara chombo kingine kiliposhindwa.

Kampuni za madini ndizo zilizoileta ndege karibu na msitu. Minière des Grands Lacs, iliyofahamika kwa herufi MGL, iliundwa mwaka 1923, na Symétain ikafuata mwaka 1932 katika nchi ya Maniema. Zote zilitafuta kasiteriti, jiwe zito la rangi nyeusi au kahawia linalotoa bati. Mwaka 1976 kampuni za ukanda huo ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Kampuni ya madini yenye machimbo yaliyotawanyika msituni haikuweza kuishi bila viwanja vidogo vya ndege, vya nyasi au changarawe, kwa ajili ya mishahara, vipuri, dawa na wagonjwa. Wamisionari nao walifanya hivyo hivyo. Shirika la ndege la misheni, MAF, lilianza kazi Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kituo chake cha Nyankunde, huko Ituri, kikawa mlango wa hospitali nyingi za mashariki. Lakini katika miaka hiyo ndege ilikuwa msaidizi tu. Madini yenyewe yalisafiri kwa lori, kwa sababu kampuni ilizitunza barabara na madaraja yake kama ilivyotunza mashine zake.

Nguzo hizo zilianguka moja baada ya nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Zaire iliruhusu raia kuchimba na kuuza madini kwa mikono yao. Oktoba 1985 soko la bati la dunia liliporomoka baada ya Baraza la Kimataifa la Bati kuishiwa fedha za kushikilia bei. SOMINKI ilidhoofika mwaka hadi mwaka, na mwaka 1997 ikafikia mwisho wake. Mchimbaji wa mikono alibaki na jiwe, na jiwe lilibaki ardhini, lakini hakuna aliyebaki na greda wala na fundi wa daraja. Kwa msitu unaopata mvua karibu mwaka mzima, miaka michache bila matengenezo inatosha kuigeuza barabara kuwa mfereji wa matope.

Masisi ilipita njia nyingine. Milima yake ilikuwa na ng'ombe wengi na mashamba makubwa, mengi yakiwa yameanzishwa na walowezi na baadaye kuingia mikononi mwa wenye uwezo, baada ya Rais Mobutu kutaifisha mali za wageni mwaka 1973. Maziwa yake yalitengenezwa jibini, na jibini la Masisi ni maarufu hadi leo, lile la mviringo linalouzwa Goma na kuliwa hadi Kinshasa. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Goma, na hakuna barabara wala reli moja inayounganisha miji hiyo miwili. Kwa hiyo nyama, maharagwe, viazi na jibini kutoka Masisi vilishuka kwa lori hadi Sake, vikaingia Goma, kisha vikapanda ndege kwenda mji mkuu. Mkulima wa Masisi hakuwa na haja ya kujua ndege ni ya aina gani, maana uamuzi huo ulifanywa na mnunuzi wa Goma. Kutoka kilimani hadi sokoni alitegemea lori na, kuanzia miaka ya 1970, chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachoshuka mteremko na mamia ya kilo za viazi au mkaa. Huyo wa Masisi alikuwa na bahati ya jirani: Goma ilikuwa karibu. Wa Walikale hakuwa nayo.

Vita vilifunga kilichobaki. Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, ndani ya Walikale, yakasambaa hadi Masisi. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Kivu kwa mamia ya maelfu, na mwaka 1996 vita vya kwanza vya Kongo vikaanza. Makundi ya ng'ombe ya Masisi yaliporwa na kuchinjwa, na sehemu kubwa yake ilitoweka katika miaka michache. Vita vya pili vilipoanza Agosti 1998, Goma ikawa makao ya waasi wa RCD, na barabara ya Sake, Masisi, Nyabiondo hadi Walikale ikawa kamba ya vizuizi. Kila kundi lenye bunduki lilikuwa na kizuizi chake. Hata pale matope yaliporuhusu gari kupita, vizuizi vilikula faida.

Katika hali hiyo koltani, madini mengine ya ukanda huo, ikapanda bei. Mwisho wa mwaka 2000 bei yake katika soko la dunia iliruka mara kadhaa kwa miezi michache, na ndege ndogo zikaanza kushuka popote palipokuwa na nafasi ya kushuka, zikichukua mifuko ya koltani kutoka Walikale hadi Goma na Kigali. Koltani ilikuwa na thamani kubwa kwa kilo, hivyo nauli ya ndege haikuumiza. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Njia ya anga ingeweza kufa hapo, kama kusingekuwa na Bisie.

Mlima wa Bisie, kaskazini-magharibi mwa Walikale mjini, ulianza kuchimbwa kasiteriti mwaka 2002. Hapakuwa na kijiji pale, msitu tu. Kwa muda mfupi maelfu ya watu walikuwa wamejenga mji wa turubai na miti juu ya mlima. Wakati huo huo dunia ilikuwa inaliita bati. Umoja wa Ulaya na Japani zilikuwa zinaondoa risasi katika waya wa kulehemu vifaa vya elektroniki, na nafasi yake ilichukuliwa na bati. Kanuni ya Ulaya ilianza kutumika rasmi Julai 2006, lakini viwanda vilijiandaa mapema. Wastani wa bei ya tani ya bati mwaka 2003 ulikuwa chini ya dola 5,000, na mwaka 2004 ulipita dola 8,000. Katika miaka iliyofuata zaidi ya nusu ya kasiteriti iliyopita Goma ilitoka Walikale, na sehemu kubwa ya hiyo ilitoka Bisie pekee.

Kutoka Bisie hadi barabarani zilikuwa kama kilomita 40 za njia ya miguu, kupitia vilima, vijito na matope, hadi kijiji cha Njingala. Mbebaji mmoja alichukua kilo 50, akatembea siku moja au mbili. Kilo 50 hizo zinastahili kuelezwa, kwa sababu ndizo zilizotengeneza tabia ya biashara nzima. Jiwe safi la kasiteriti lina uzito karibu mara saba ya maji ya ujazo ule ule. Gunia la kilo 50 za kasiteriti ni kifurushi kidogo tu, kama mtoto aliyelala, na macho hayawezi kuamini uzito wake mpaka mkono uunyanyue. Mbebaji aliyerudi Bisie hakurudi mikono mitupu. Alipanda na mchele, unga, bia, sabuni, nguo, na kila kilichofika juu kiliuzwa kwa bei ya kutisha, kwa kuwa gharama ya mgongo iliongezwa juu ya gharama ya ndege.

Hapo ndipo ndege ilipoingia. Magharibi mwa Walikale mjini, jirani na mji wa biashara wa Mubi, barabara ya taifa namba 3 inayotoka Bukavu kwenda Kisangani ina kipande kilichonyooka na kigumu mahali paitwapo Kilambo. Kipande hicho kikafanywa uwanja wa ndege. Hakukuwa na mnara wa kuongozea ndege wala uzio. Ndege ilipokaribia, waenda kwa miguu, pikipiki na baiskeli walisogezwa pembeni, ndege ikatua juu ya barabara ya taifa, mizigo ikashushwa na kupakiwa, ikageuka na kuruka. Kisha barabara ikarudi kuwa barabara. Ajabu ya Kilambo haiko katika ujasiri wa marubani, ingawa ulikuwepo. Iko katika ukweli kwamba kipande kizuri cha barabara kilifaa zaidi kwa ndege kuliko kwa magari, kwa sababu mbele yake na nyuma yake hapakuwa na barabara ya kuendelea nayo.

Ndege zenyewe nyingi zilitoka katika viwanda vya Ulaya ya Mashariki. Let 410, iliyoundwa Czechoslovakia na kuruka kwa mara ya kwanza mwaka 1969, ina viti 19 kama ikibeba watu, lakini viti vikitolewa hubeba karibu tani moja na nusu hadi mbili, na iliundwa kutua kwenye viwanja vifupi visivyo na lami. Antonov 28, iliyotengenezwa kwa wingi Poland, ni ya ukubwa wa karibu sawa, na ina milango ya mizigo nyuma, chini ya mkia. Antonov 26 ni kubwa zaidi, ina njia ya kuteremshia mizigo nyuma na hubeba tani tano na zaidi, lakini inahitaji uwanja mrefu na imara. Ndege ya injini moja aina ya Cessna Caravan hubeba kidogo kuliko Let, ila ina mlango mpana ubavuni na hunywa mafuta machache. Ndege za Kisovyeti na Kicheki zilipendwa kwa sababu mbili za wazi: zilinunuliwa kwa bei nafuu baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika mwaka 1991, na magurudumu yake yalivumilia changarawe.

Mwenye mzigo alichagua kati ya hizo kwa hesabu ambayo abiria wa kawaida haifikirii. Katika nchi za baridi, mtu anayekwenda milimani kuteleza juu ya theluji hulinganisha mashirika ya ndege kwa kuuliza ni lipi linalopokea skii zake kama kipande kimoja cha mzigo na lipi linalotoza zaidi kwa urefu wake. Shida yake ni kitu kirefu na chepesi. Negosia wa Walikale, kama wanavyoitwa wanunuzi wa madini kati ya machimbo na mji, alikuwa na shida hiyo hiyo kwa safari ya kuja na shida iliyo kinyume chake kwa safari ya kurudi. Ndege iliyotoka Goma ilijaa kabla ya kuwa nzito: magodoro, viti vya plastiki, katoni za biskuti. Ndege iliyotoka Kilambo ilikuwa nzito kabla ya kujaa. Magunia thelathini na kitu ya kasiteriti yalifunika sehemu ndogo tu ya sakafu, juu yake nafasi yote ikibaki tupu, na bado ndege ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake.

Nafasi hiyo tupu ndiyo iliyokuwa hatari. Jicho la mpakiaji liliona chumba cha kutosha, na mwenye mzigo aliona pesa zilizoachwa chini. Gunia moja zaidi lilikuwa dola nyingi mkononi. Kwa hiyo mzani ulikuwa chombo muhimu kuliko tiketi, na abiria mwenyewe alipimwa pamoja na mfuko wake, kwani kila kilo yake ilikuwa kilo iliyoondolewa kwenye madini. Uzito mkubwa katika kifurushi kidogo huleta tatizo jingine pia: ukiwekwa mbele sana au nyuma sana huhamisha kitovu cha uzito cha ndege, na ukisogea wakati wa kupaa, rubani hana la kufanya. Magunia hutakiwa kulazwa karibu na mabawa na kufungwa kwa nyavu au kamba. Palipokuwa na haraka, kamba ndiyo iliyosahauliwa kwanza.

Milima ya Masisi iliongeza gharama ya kosa. Kilambo iko chini, katika joto la msitu, na Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kati ya mbili hizo imesimama Masisi kama ukuta. Ndege iliyojaa jiwe ilipaswa kupanda kutoka kwenye hewa ya joto, iliyo nyepesi na isiyosaidia mabawa, hadi juu ya vilele ambavyo mchana hufunikwa na mawingu ya mvua. Safari za asubuhi zilithaminiwa kwa sababu hiyo. Mfanyabiashara mwenye uzoefu hakumuuliza rubani bei kwanza. Alimuuliza saa ya kuondoka.

Ajali za ndege za mizigo zilikuwa nyingi nchini kote, na kuzidisha uzito kulitajwa mara kwa mara miongoni mwa sababu zake. Agosti 2007 Antonov 32 iliyobeba kasiteriti ilianguka karibu na Kongolo, Katanga, na karibu wote waliokuwemo walikufa. Uwanja wa Goma nao ulikuwa na jeraha lake. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, na ujiuji wa moto ukafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia, iliyokuwa na urefu wa mita 3,000. Kwa miaka mingi baada ya hapo ndege kubwa ziliruka kutoka kwenye njia iliyokatwa, mwamba mweusi ukiwa mwisho wake upande mmoja na mtaa wa Birere upande wa pili. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria aina ya DC-9 ilishindwa kupaa, ikavuka uwanja na kuingia Birere, na makumi ya watu wakafa, wengi wao wakiwa mtaani kwao. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulikuwa umeyapiga marufuku mashirika ya ndege ya Kongo katika anga yake. Marufuku hiyo ilimpa mteja wa Ulaya taarifa. Mteja wa Kilambo hakupata taarifa yoyote, wala hakuwa na chaguo la kukataa ndege zote, kwa sababu kukataa ndege zote kulimaanisha kurudi kwenye njia ya miguu.

Bei ilitozwa kwa kilo, kwenda na kurudi, na mbali na nauli kulikuwa na ushuru. Idara ya madini, mamlaka ya viwanja vya ndege, uongozi wa kienyeji, na juu ya wote wenye bunduki, kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Huko Bisie kikosi kilichojulikana kama brigedi ya 85, chenye asili ya wapiganaji wa Mai-Mai, kilitawala mlima na njia yake kwa miaka kadhaa, kikimtoza mchimbaji, mbebaji na mnunuzi, hadi kilipoondolewa mwaka 2009 na nafasi yake kushikwa na askari wengine waliotoka katika uasi wa CNDP. Kwa mtu aliyebeba kilo 50 mgongoni, tofauti ilikuwa ndogo. Kampuni mbili, MPC na GMB, ziligombania haki ya mlima huo mahakamani na maofisini, huku wachimbaji wakiendelea kuchimba. Mzigo uliofika Goma ulipelekwa kwenye makontuari, nyumba zenye leseni ya kununua na kuuza nje, ukapimwa upya, ukachambuliwa kiwango chake cha bati, na ndipo kilo ilipopata bei yake ya kweli. Kati ya kilo ya Bisie na kilo ya Goma, ndege ilikuwa kiungo kifupi kuliko vyote, na pia ndicho kiungo ambacho idadi ndogo sana ya watu waliweza kukimiliki. Anayeweza kulipia ndege nzima aliweka bei. Negosia mdogo alinunua nafasi ya magunia matatu au manne katika ndege ya mwingine, na akasubiri zamu.

Ni lazima kusema pia nani hakupanda. Ndege za kasiteriti zilipita juu ya vijiji ambavyo havikuwa na kitu cha kuuza kwa uzito huo wa thamani. Mihogo, ndizi, mafuta ya mawese na mchele wa Walikale havikuweza kulipa nauli ya kilo, kwa hiyo viliozea nyumbani, na unga wa Goma ukaja kwa ndege kulisha watu waliozungukwa na ardhi yenye rutuba. Kati ya Kibua na Mpofi, kwenye barabara ile ile iliyokufa, mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti 2010 wapiganaji walivamia Luvungi na vijiji vya jirani na kuwabaka zaidi ya watu 300 kwa siku nne. Habari zilichukua siku nyingi kutoka, katika nchi ambayo anga yake ilikuwa na shughuli kila siku.

Ndege za misaada zilifanya kazi kwa sheria nyingine. Helikopta za ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ulioanza kama MONUC mwaka 1999 na kuitwa MONUSCO tangu Julai 2010, ndege za mpango wa chakula na zile zinazogharamiwa na Umoja wa Ulaya zilibeba chanjo, madaktari na wagonjwa kwenda Masisi, Walikale na Pinga. Humo mzigo wa abiria uliwekewa kikomo cha kilo chache na mzani ulisomwa bila kubembelezwa. Hazikubeba madini wala bidhaa za soko. Hivyo anga moja ilikuwa na mifumo miwili ambayo mara chache iligusana, na mwanakijiji alijua sauti ya kila injini.

Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote wa madini katika Walikale, kisha katika Kivu zote mbili na Maniema. Miezi miwili kabla, Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya Dodd-Frank, yenye kifungu kinachozitaka kampuni kueleza asili ya bati, koltani, tungsteni na dhahabu zinazotoka Kongo na nchi jirani. Kizuizi cha Kabila kiliondolewa tarehe 10 Machi 2011, lakini kuanzia Aprili mwaka huo wayeyushaji wakubwa wa bati walikataa mizigo isiyo na vitambulisho vya asili. Mubi ilinyamaza. Ndege zilipungua, na pamoja nazo vitu vilivyokuja nazo. Bei ya sabuni na chumvi ilipanda, kwa kuwa ndege haiji tupu kuleta chumvi pale isipokuwa na jiwe la kurudi nalo. Masisi ilipona mapema kidogo: mfumo wa vitambulisho ulifika kwenye machimbo ya Rubaya mwaka 2014, na koltani yake ilikuwa na barabara, hata mbovu, ya kushuka hadi Sake na Goma kwa pikipiki na gari.

Bisie yenyewe iliingia mikononi mwa kampuni ya Alphamin, iliyokata barabara kupitia msitu hadi mlimani na kuanza kutoa bati kwa mashine mwaka 2019. Njia ya wabebaji iliyochukua siku nzima au mbili ikawa njia ya malori, na mzigo ukaelekea upande wa Kisangani na kutoka nje kupitia Afrika Mashariki, badala ya kuruka hadi Goma. Hesabu inaonyesha sababu. Mwaka 2024 mgodi huo ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Hata kama lingekuwa bati tupu bila mchanga wowote, Let 410 inayobeba tani 1.7 ingehitaji kuruka mara 10,000 kwa mwaka, yaani mara 27 kila siku, Jumapili ikiwemo. Biashara ya Kilambo iliwezekana kwa sababu ilikuwa ndogo, ingawa kwa waliokuwepo ilionekana kubwa mno.

Mwanzoni mwa 2025 vita vilirudi Masisi na Walikale. Waasi wa M23 walipita Masisi, wakaingia Sake, na mwisho wa Januari wakaiteka Goma, na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Tarehe 13 Machi Alphamin ilisimamisha kazi Bisie na kuwaondoa wafanyakazi wake. Wiki moja baadaye Walikale mjini ilitekwa. Waasi waliondoka mwanzoni mwa Aprili, na kabla ya mwezi huo kwisha mgodi ulikuwa umeanza kazi tena, malori yakielekea magharibi. Kwa mwenye magunia machache ya mchele au dawa huko Walikale, Goma iliyokuwa nusu saa kwa ndege ilikuwa imetoka katika orodha ya njia, na Kisangani, mamia ya kilomita za msitu upande wa pili, ndiyo iliyobaki.